Msimu wa ngano na familia ya wavunaji: twende wote au niende peke yangu?

Msomaji wetu anayeishi Wichita, Kansas, ametuandikia hivi: "Mimi ni Mkongo. Nilifika Marekani na familia yangu kama mkimbizi, tukitokea kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Nina leseni ya kuendesha malori makubwa. Familia moja ya hapa Kansas, ambayo huvuna ngano ya wakulima wengine kwa kukodiwa kuanzia Texas hadi Montana, imeniomba niwaendeshee lori kuanzia Mei hadi Septemba, na imemwomba mke wangu awe mpishi wa kundi. Tuna watoto wawili, wa miaka tisa na sita. Wanasema tutaishi katika trela yao, yaani nyumba ya kuvutwa na gari. Maisha hayo yakoje kwa kweli? Je, twende wote?"

Ndugu msomaji, kazi uliyoitiwa ni ya heshima, na dereva mwenye leseni kamili hatafutwi na kundi moja tu; kwa hiyo unaingia katika mazungumzo haya ukiwa na nguvu kuliko unavyodhani. Hata hivyo nakuomba usijibu kwa niaba ya mkeo kabla hamjakaa pamoja na kulipima jambo moja ambalo matangazo ya kazi hayalitaji: katika kundi la wavunaji la kifamilia, kazi na nyumba ni kitu kimoja. Utalala hatua chache kutoka kwa mwajiri wako, utakula chakula cha sufuria moja naye, watoto wako watacheza na wake, na siku ya mvua, ambapo mwajiriwa wa kiwandani angekwenda zake nyumbani, ninyi mtakuwa pamoja mkitazama mawingu yaleyale. Karibu kila zuri na kila gumu nitakalokueleza linatoka hapo.

Kwanza uielewe safari yenyewe. Ngano inayowapa watu hawa kazi hupandwa kabla ya majira ya baridi, hulala ardhini wakati wa theluji, kisha hukomaa joto linaporudi. Kwa kuwa joto huanzia kusini na kupanda kuelekea kaskazini, mashamba hukomaa kwa zamu. Kaskazini mwa Texas, sehemu za Wichita Falls na Vernon, ngano huwa tayari mwishoni mwa Mei. Oklahoma hufuata mwanzoni mwa Juni. Kansas huvunwa kuanzia katikati ya Juni upande wa kusini hadi Julai upande wa kaskazini-magharibi. Magharibi mwa Nebraska huja katikati ya Julai, South Dakota mwishoni mwa mwezi huo, na Montana pamoja na North Dakota humaliza Agosti na hata Septemba. Ukipima kwa mstari ulionyooka, kutoka Wichita Falls hadi mpaka wa Kanada ni zaidi ya kilomita 1,600, na kundi halisafiri kwa mstari ulionyooka. Hukaa mahali pamoja siku kadhaa au wiki mbili, humaliza mashamba ya wateja wake wa eneo hilo, ambao mara nyingi ni walewale wa mwaka uliopita, kisha hupakia kila kitu na kuhamia kituo kinachofuata.

Utaratibu huu ulikuzwa sana na Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1944, vyuma na vibarua vilipokuwa adimu, kampuni ya Massey-Harris iliruhusiwa kutengeneza kombaini 500 za ziada, yaani mashine za kukata na kupura ngano kwa pamoja, zenye injini yake na zisizovutwa na trekta, kwa ahadi kwamba watakaozinunua watavuna mashamba ya watu wengi wakielekea kaskazini. Msimu ule zikavuna zaidi ya ekari milioni moja. Vita vilipokwisha, wenye mashine waliendelea na njia hiyohiyo, wakiwachukua wake na watoto wao, na baadhi ya makundi ya leo yanaongozwa na wajukuu wa wale wa mwanzo. Nitaongeza jambo ambalo si lazima kwa swali lako, lakini naona linakuhusu: ngano nyekundu ngumu iliyoipa Kansas sifa yake ililetwa na Wamennoni, kundi la Wakristo waliohama kutoka Urusi kuanzia mwaka 1874. Wenyeji wengi utakaowakuta kwenye mizani na maghala ni vitukuu vya watu waliofika wakiwa wageni, na wengi wao hawajalisahau hilo.

Sasa nije kwenye fedha, kwa sababu bila kuielewa hesabu ya mwenye kundi hutaielewa hali yake ya moyo, nawe utakuwa ukiishi karibu na moyo huo miezi minne. Malipo ya uvunaji yana sehemu tatu. Kanuni ya zamani, ambayo bado hutajwa mashambani, ni 20, 20 na 20: dola 20 kwa kila ekari, senti 20 kwa kila busheli inayozidi busheli 20 za mwanzo katika ekari, na senti 20 kwa kila busheli inayosafirishwa hadi ghalani. Busheli moja ya ngano ni kama kilo 27. Kwa kanuni hiyo, shamba linalotoa busheli 50 kwa ekari linampa mvunaji dola 20, kisha dola 6 kwa zile busheli 30 za ziada, kisha dola 10 za usafirishaji, yaani dola 36 kwa ekari. Viwango vya sasa viko juu zaidi, lakini muundo ni uleule. Kutoka katika fedha hizo hulipwa dizeli, mishahara, vibali vya barabarani, vipuri, bima na mkopo wa mashine, na kombaini mpya moja pamoja na kikatio chake, yaani sehemu ya mbele inayokata mabua, huzidi nusu milioni ya dola.

Kwa hiyo mashine ikisimama, mapato yamesimama huku mkopo ukiendelea kudai. Mvua ikinyesha jioni, hakuna kuvuna hadi mabua na punje vikauke, na hilo laweza kuchukua siku moja au tano. Mvua ya mawe ya dakika kumi yaweza kulifuta shamba ambalo mwenye kundi alilihesabu tangu majira ya baridi. Ukame nao humnyima kazi kabla hajaondoka nyumbani: mwaka 2023 wakulima wengi wa Kansas waliyaacha mashamba bila kuyavuna, na mavuno ya jimbo yalikuwa miongoni mwa madogo zaidi kwa miongo kadhaa. Watu hujitayarisha kwa uchovu wa saa kumi na nne za kazi, na uchovu huo kwa kawaida huvumilika kwa sababu una matokeo yanayoonekana jioni. Kinachowashinda wengi ni siku ya nne ya kungoja, katika trela yenye unyevu, pamoja na mwajiri mwenye wasiwasi na watoto wasio na pa kwenda. Swali lako la kwanza kwake, kabla ya kuuliza kiwango cha mshahara, liwe hili: je, siku za mvua nalipwa? Makundi mengi hulipa mshahara wa mwezi, na huo ndio mpango unaokufaa. Mpango wa kulipwa kwa saa za kazi tu unauhamisha mzigo wa mawingu kutoka kwake kuja kwako. Ujue pia kwamba sheria ya shirikisho kwa kawaida haimlazimishi mwajiri wa kazi za kilimo kulipa kiwango cha juu zaidi baada ya saa 40 kwa wiki. Usifanye hesabu yako ukiitegemea fedha hiyo.

Siku yako ya kazi itakuwa hivi. Asubuhi mtatia mafuta na grisi, mtapuliza vumbi na makapi kutoka kwenye injini za kombaini, kwa kuwa makapi makavu juu ya chuma cha moto ndiyo yanayoanzisha moto shambani. Umande ukikauka, labda saa nne au saa tano asubuhi, kombaini moja itaingia kukata kiasi kidogo, na wewe au mwingine atakimbiza sampuli ghalani kupima unyevu. Maghala hutaka ngano iwe na unyevu wa takriban asilimia 13.5 au chini yake. Ikizidi, bei hukatwa au mzigo hukataliwa. Kipimo kikikubali, kazi haisimami tena hadi usiku, mabua yanapoanza kulegea kwa ubaridi na mashine kuanza kulalamika. Trekta yenye trela kubwa ya nafaka hukimbia kando ya kombaini zikiwa zinaendelea kukata, hupokea punje, kisha huja kukumiminia wewe ukingoni mwa shamba. Lori na mzigo wake haviruhusiwi kuzidi pauni 80,000 katika barabara kuu, yaani kama tani 36 kwa jumla, kwa hiyo ngano yenyewe huwa karibu tani 23.

Kuendesha ni nusu tu ya kazi ya dereva. Ghalani utapanga foleni, lori litapimwa, bomba litachomwa ndani ya mzigo kuchukua sampuli, kisha utaulizwa ngano ni ya nani. Hapo ndipo dereva mgeni huingia matatani. Mashamba mengi hulimwa kwa kugawana, labda theluthi moja ya mavuno ni ya mwenye ardhi na theluthi mbili ni za mkulima, na mkulima mmoja aweza kulima ardhi ya watu wanne tofauti katika kijiji kimoja. Ukitaja jina lisilo sahihi, ngano ya mtu imeingia katika hesabu ya mwingine, na kosa hilo huonekana wiki kadhaa baadaye kundi likiwa limeshahama. Kila unapoanza shamba jipya, andika katika daftari jina la mkulima, jina la mwenye ardhi na mgawanyo wao, na utunze kila risiti ya mzani kama unavyotunza fedha taslimu. Mwenye kundi hulipwa kwa risiti hizo. Dereva anayezileta zote jioni, zikiwa safi na zimepangwa, huheshimiwa haraka, hata kama Kiingereza chake bado kinajengeka.

Siku za kuhama zina sheria zake. Kombaini huwekwa juu ya trela za chini, vikatio vyenye upana wa mita tisa hadi kumi na mbili huvutwa kwa urefu nyuma ya magari mengine, na msafara mzima huhitaji vibali vya mizigo mipana vya kila jimbo, ambavyo mara nyingi huruhusu kusafiri mchana tu. Utaombwa kuvuta mzigo mpana kuliko uliouzoea, katika barabara nyembamba yenye madaraja ya zamani. Sema mapema kama hujawahi, ili ufundishwe nyumbani kwao kabla ya Mei.

Sasa nije kwa mkeo, ambaye katika barua yako ametajwa kwa maneno machache mno kulingana na uzito wa kazi aliyoitiwa. Mpishi wa kundi hulisha watu wanane, labda kumi na wawili, mara tatu kwa siku, kutoka katika jiko la trela. Cha asubuhi huliwa trelani, cha mchana hufungwa vibebeke, na cha jioni hupelekwa shambani kikiwa moto, mara nyingine umbali wa kilomita hamsini, katika shamba lisilo na jina wala kibao, kwa maelezo ya redio kama "geuka kulia baada ya mnara wa maji". Kwa hiyo mpishi lazima awe dereva, aweze kusoma ramani na kuelewa Kiingereza cha redio chenye mikwaruzo. Ndiye pia anayenunua vyakula katika mji wenye duka moja, anayefua nguo zilizojaa vumbi la ngano, na mara nyingi ndiye anayetumwa kufuata kipuri umbali wa mwendo wa saa mbili kombaini inapoharibika. Hiyo ni kazi kamili, na pengine ndiyo inayolishikilia kundi zima. Ikiwa mwenye kundi anatoa mshahara mmoja na kusema kwamba mkeo "atasaidia jikoni", mjibu kwa upole na uthabiti kwamba mnahitaji mshahara wa pili, kwa jina lake, unaoingia katika akaunti yake.

Kuna jambo jingine ambalo si la fedha. Jiko analoitiwa lina mwenyewe, naye ni mke wa mwenye kundi, na pengine hata mama mkwe wake aliyelishika kabla yake. Wavunaji wamezoea nyama ya ng'ombe, viazi, mikate na mboga za kuoka, nao wanapenda kukipata chakula hicho kwa namna ileile kila mwaka. Nimewaona wapishi wageni wakipendwa sana baada ya kupewa jioni moja ya wiki wapike cha kwao, na nimewaona wengine wakiondoka mwezi wa kwanza kwa sababu kila sufuria ilikuwa na mtu wa kuikosoa. Tofauti ililetwa na mazungumzo ya awali kati ya wanawake wawili, kuhusu nani anaamua orodha ya chakula na nani anashika fedha za sokoni, kabla trela haijatoka uani.

Watoto wako wana umri mzuri wa kuifurahia safari, na umri wa hatari vilevile. Wataona nchi ambayo watoto wengi wa Wichita hawaijui; miji midogo ya njiani huwa na maktaba, bwawa la kuogelea na maonyesho ya mifugo wakati wa kiangazi, na watoto wa familia ya wavunaji huwapokea wenzao upesi. Lakini katika eneo la kazi, mtoto wa miaka sita haonekani kutoka kwenye kiti cha kombaini wala cha lori, na punje za ngano zinazotiririka humzamisha mtoto kwa sekunde chache, bila nafasi ya kumvuta. Sharti lenu liwe moja na lisibadilike hata siku ya sherehe: hakuna mtoto anayepanda juu ya mzigo wa ngano, wala anayeshuka garini shambani bila mkono wa mtu mzima. Kisha mjiulize nani atawaangalia saa kumi na moja jioni, wakati baba yuko kwenye mizani na mama anafunga vyakula vya watu kumi na wawili. Kama jibu ni binti wa mwenye kundi mwenye miaka kumi na mitano, basi naye alipwe, na ijulikane kwamba hiyo ni kazi yake.

Shule itawaamulia sehemu ya ratiba. Wichita hufunga shule mwishoni mwa Mei na kufungua katikati ya Agosti, wakati kundi litakuwa bado South Dakota au Montana. Familia nyingi za wavunaji zenyewe hugawanyika hapo: mama na watoto hurudi, baba na waajiriwa humalizia. Wengine huwasomesha watoto njiani, lakini kwa watoto ambao bado wanakijenga Kiingereza chao, nisingeshauri wakose hata wiki mbili za mwanzo wa mwaka wa masomo.

Kwa hayo yote, maoni yangu ni haya. Wewe nenda tangu mwanzo, mwezi wa Mei. Mkeo na watoto wajiunge nanyi kundi likifika kusini mwa Kansas katikati ya Juni, katika eneo la Kiowa au popote mtakapokuwa, kwa sababu hapo ni mwendo wa saa mbili hivi kutoka nyumbani kwenu. Wakikaa siku kumi na kuona kwamba maisha hayo hayawafai, kurudi si msiba. Wakiona yanawafaa, waendelee hadi mwanzoni mwa Agosti. Hili linamaanisha kwamba kundi lipate mpishi mwingine wa Texas na Oklahoma na wa mwisho wa msimu, au mke wa mwenye kundi ashike jiko wiki hizo. Huenda wakasita. Wakikataa kabisa, ningependelea uende peke yako mwaka huu kuliko kumfunga mkeo kwa msimu mzima katika nyumba ya watu ambayo hajalala hata usiku mmoja. Watu wenye nia njema wataelewa, na yule asiyeelewa mwezi wa Machi hataelewa mwezi wa Julai.

Msikiachie chumba chenu cha Wichita. Anwani ya kudumu inawalinda kwa njia kadhaa: barua za uhamiaji na miadi ya alama za vidole huja hapo, kwa hiyo mpeni mtu mwaminifu ruhusa ya kuzifungua na kuwapigia simu, na KanCare, bima ya afya ya serikali ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, kama watoto wanayo, ni ya wakazi wa Kansas, na nje ya jimbo kwa kawaida hulipia matibabu ya dharura tu, hivyo chanjo na dawa za kawaida zimalizwe kabla ya kuondoka. Baadhi ya makundi huvuka hadi Saskatchewan, nchini Kanada. Mkimbizi asiye na hati ya kusafiria ya wakimbizi asivuke mpaka huo hata kwa siku moja, kwa kuwa kurudi kunaweza kuwa kugumu. Mwambie mwenye kundi tangu sasa ili asikupangie safari hiyo. Na kwa kuwa mtafanya kazi katika majimbo kadhaa, mwombe aonyeshe mshahara wa kila jimbo katika hati ya mwisho wa mwaka, kwani Texas na South Dakota hazitozi kodi ya mapato, lakini Oklahoma, Nebraska na Montana hutoza.

Kundini huenda ukawakuta vijana wa Afrika Kusini, ambao huja kwa wingi kwa viza za muda za kazi za kilimo. Mwajiri wao analazimika kisheria kuwapa malazi bila malipo na kuwahakikishia angalau robo tatu ya saa zilizoandikwa katika mkataba. Wewe huna viza hiyo, kwa kuwa una haki ya kufanya kazi popote nchini. Lakini ni haki kabisa kumwomba mwajiri akuandikie masharti yasiyopungua ya kwao: mshahara wa kila mmoja wenu, siku za mvua, malazi, chakula cha watoto, siku ya ibada kama mnaihitaji, na nani analipa nauli ya kurudi Wichita mkiondoka kabla ya mwisho. Kuna makundi yasiyovuna Jumapili na mengine yanayovuna siku zote ngano ikiwa kavu, uliza, usikisie.

Nendeni nyumbani kwao mwezi wa Aprili, wakati wanapotengeneza mashine kwa ajili ya msimu, nyote wanne. Waombeni wawafungulie trela mtakayolala: hesabuni vitanda, washeni kiyoyozi na jiko, tazameni kama mlango unafungika kwa ndani na kama kuna choo chenu wenyewe au cha kushirikiana na vijana. Wewe ukiwa uani na wanaume mkitazama lori, mkeo akae na mama mwenye jiko, wawili peke yao, wazungumze. Baada ya hapo, kabla hamjatoa jibu lolote, mwulize mkeo anaonaje, na neno lake kuhusu jiko lile liwe na uzito kuliko langu.